Umekisoma Mpaka Mwisho? Hotuba kwa Wauza Vitabu Kuhusu Kupendekeza Riwaya Mpya

Hotuba hii ilitolewa mbele ya wenye maduka madogo ya vitabu na wasaidizi wao. Tunaiweka nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizooneshwa ukutani tumeziacha.

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu zangu wauza vitabu, na nyinyi mnaosimama nyuma ya kaunta tangu saa mbili asubuhi, habari za kazi.

Nianze na swali, na mnivumilie maana nitalirudia. Mteja anaingia dukani. Anasema, "Nitafutie riwaya mpya, nzuri." Unanyoosha mkono kwenye rafu, unashusha kitabu, unamwambia, "Chukua hiki, kizuri sana." Umekisoma?

Sikuulizi kama umesoma maneno ya nyuma ya jalada. Sikuulizi kama umesikia kinatajwa redioni. Umekisoma, kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho?

Naliuliza kwa sababu maduka yetu mengi yamejengwa kwa vitabu vya shule. Januari ndiyo iliyolipa kodi ya pango, Januari ndiyo iliyolipa mishahara. Mzazi alikuja na orodha kutoka shuleni, muuzaji akapanga vitabu juu ya kaunta kimoja kimoja, basi. Orodha ilikwisha kuchagua. Muuzaji hakuhitaji kujua kilichomo ndani. Sasa tazameni yaliyotokea. Kenya, kuanzia mwaka 2018, serikali ilianza kupeleka vitabu vya kiada moja kwa moja katika shule za umma, kutoka kwa wachapishaji, bila kupitia dukani. Tanzania vitabu vya kiada viko mikononi mwa Taasisi ya Elimu, TET. Kilichobaki kwenye kaunta ni madaftari, kalamu, vitabu teule vya fasihi, na ile rafu ya riwaya iliyoko pembeni, yenye vumbi, ambayo kwa miaka mingi tuliiona kama pambo.

Ndugu zangu, ile rafu ya pembeni ndiyo duka lenyewe sasa. Na msomaji wa riwaya haji na orodha. Anakuja na hamu tu, na pesa aliyoitenga kwa taabu. Anakuuliza wewe. Umekisoma?

Tuangalie wenzetu waliokutwa na msukosuko kabla yetu. Marekani, miaka ya 1990, maduka huru ya vitabu yalikuwa yakifungwa kwa wingi. Upande mmoja kulikuwa na kampuni zenye matawi kila mji, upande wa pili Amazon ilikuwa imekwisha anza kuuza vitabu kwa intaneti. Muuzaji mdogo hakuweza kushindana kwa bei. Hakuweza kushindana kwa wingi wa vitabu. Alikuwa na kitu gani wasichokuwa nacho wale? Alikuwa amesoma. Chama chao, American Booksellers Association, kilichoanzishwa mwaka 1900, kikaligeuza jambo hilo kuwa utaratibu. Mwaka 1999 kilianzisha orodha iliyoitwa Book Sense 76, namba iliyotokana na mwaka wa uhuru wao, 1776. Vitabu 76 vipya, vilivyopendekezwa na wauzaji wa maduka huru kutoka kila pembe ya nchi. Mwaka 2008 ikabadilishwa kuwa Indie Next List, orodha ya kila mwezi, inayoendelea mpaka leo.

Utaratibu wake ni mwepesi kuliko mnavyodhani. Mchapishaji anatoa nakala za awali miezi kadhaa kabla ya kitabu kutoka. Muuzaji anasoma. Akikipenda, anaandika sentensi chache na kuzituma. Mapendekezo yanakusanywa, na orodha inachapwa kwenye karatasi ambayo mteja anaichukua bure dukani. Na chini ya kila pendekezo kuna jina la muuzaji aliyeliandika, jina la duka lake na mji wake.

Jina, duka, mji. Hapo ndipo penye nguvu ya jambo lote. Tangazo la mchapishaji halina mtu wa kumrudia. Pendekezo lenye jina lina mtu. Msomaji akichukia kitabu, anajua mlango wa kugonga. Akikipenda, anajua mlango wa kurudia.

Mtaniuliza, karatasi na majina vinaweza kufanya nini? Niwape kisa kimoja kinachojulikana.

Kuna riwaya inaitwa Tinkers. Mwandishi wake, Paul Harding, alikuwa mpiga ngoma wa bendi ya roki kabla ya kugeukia uandishi. Mswada wake ulikataliwa, tena ukakataliwa, ukaishia kulala kwenye droo kwa miaka. Mwishowe ulichukuliwa na Bellevue Literary Press, shirika dogo mno la New York lililoanzia katika Hospitali ya Bellevue. Malipo ya awali ya mwandishi yalikuwa dola 1,000. Kitabu kilitoka mwaka 2009. Kurasa hazifiki 200, na hakuna bastola, hakuna fumanizi, hakuna anayekimbizwa. Mzee fundi saa amelala kitandani anakata roho, jamaa zake wamemzunguka, naye anamkumbuka baba yake, mchuuzi mwenye kifafa aliyezunguka vijijini na mkokoteni wake. Muuzaji wa haraka haraka angekitazama kitabu hicho angesema nini? Angesema hakiuziki.

Lakini wakala mmoja wa mauzo wa kaskazini mwa California alikisoma, kikamgusa, akawafuata wauza vitabu wa maduka huru na nakala mkononi, mmoja baada ya mwingine, akiwaomba wakisome. Wakakisoma. Kila aliyekimaliza akaanza kumwekea mteja mkononi. Gazeti la New York Times halikuwa limekihakiki. Aprili 2010 kikapata Tuzo ya Pulitzer, na tangu mwaka 1981 hakuna kitabu cha shirika dogo la uchapishaji kilichokuwa kimepata tuzo hiyo kwa riwaya. Kabla ya kamati kutamka jina lake, kitabu kile kilikuwa hai tayari, na waliokiweka hai ni watu wa kaunta. Watu kama nyinyi.

Walikisoma, ndugu zangu. Walikisoma mpaka mwisho.

Najua jibu linalokuja: "Muda wa kusoma uko wapi?" Tupige hesabu pamoja. Riwaya yetu ya kawaida ya Kiswahili ina kurasa kama 200. Mtu wa kasi ya wastani anasoma kurasa 30 kwa saa. Hiyo ni dakika 400. Ukitenga dakika 40 kwa siku, kitabu kimekwisha siku ya kumi. Vitabu vitatu kwa mwezi. Duka lenye watu watatu wanaosoma limepitia vitabu tisa kwa mwezi. Tuseme nusu yake havikuwavutia. Bado mna vitabu vinne kila mwezi mnavyoweza kuvisimamia kwa majina yenu. Kwa duka dogo, vinne vinatosha sana.

Nakala za kusoma mtazipata wapi? Kwetu hapa nakala za awali ni chache, kwa hiyo ombeni. Mpigieni simu mchapishaji, mwambieni: tunaomba faili la kitabu wiki nne kabla hakijatoka, tutakisoma, na tukikipenda tutakiagiza kikiwa na kadi ya duka letu. Anayejichapishia mwenyewe atafurahi zaidi, maana mara nyingi hakuna aliyewahi kumwomba. Faili lisipopatikana, nunua nakala moja kwa ajili ya duka, iandike "ya kusoma" ukurasa wa kwanza, na iwazungukie wafanyakazi wote. Gharama ya nakala hiyo ni ndogo kuliko ya nakala kumi ulizoagiza kwa kuona jalada.

Na ukisoma, soma na penseli. Andika namba ya ukurasa uliokushtua, ukurasa uliotaka kukiacha, na ukurasa uliokufanya uongeze dakika. Ukifika ukurasa wa 50 bado kitabu hakijakushika, una ruhusa ya kukiacha. Lakini ukikiacha, usikiandikie kadi. Mwenzako anaweza kukipenda, basi yeye aandike kwa jina lake.

Sasa tuje kwenye kadi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo tunapokosea sana.

Kadi ni kipande cha karatasi ngumu kinachokaa chini ya kitabu, kwenye ukingo wa rafu au mbele ya lundo mezani. Chukua karatasi ya A4, ikate vipande vinne: ukubwa huo unatosha. Andika kwa mkono, kalamu nyeusi yenye ncha nene kidogo, herufi zinazosomeka mtu akiwa amesimama hatua moja. Kwa nini kwa mkono? Kwa sababu kilichochapwa kinafanana na tangazo, na macho ya mteja yamezoea kuruka matangazo. Mwandiko unaonyesha kuna mtu.

Maneno 40 hadi 60, yasizidi. Sentensi za mwanzo ziseme nani, wapi, na amepatwa na nini. Inayofuata iseme kitabu kinasomekaje: kinakimbia au kinatembea taratibu, kinachekesha au kinaumiza, Kiswahili chake ni cha mtaani au ni cha kupimwa neno kwa neno. Ya mwisho iseme kinamfaa nani. Kisha jina lako.

Tuchukue Peponi. Ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Mwandishi mwenyewe ni mtu wa Zanzibar, akapewa Nobel Oktoba 2021, na msomaji wa Kiswahili akasubiri mpaka mwaka 2022 ndipo akaisoma kwa lugha yake, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyochapishwa na Mkuki na Nyota. Kadi nyingi zingeandikwa hivi: "Kitabu bora sana cha mshindi wa Nobel! Kinasisimua! Usikikose!" Maneno tisa, na hakuna hata moja linalomwambia mteja chochote. Bora kwa nani? Kinasisimua vipi? Kadi hiyo ungeweza kuihamishia kitabu kingine na hakuna ambaye angegundua. Na hiki ndicho kipimo cha kadi mbaya: inahamishika.

Sasa sikilizeni hii:

"Yusufu ana miaka 12. Baba yake amezama katika deni, na kijana anachukuliwa na tajiri aliyemdhania kuwa ndugu. Kumbe yeye ndiye rehani. Kuna duka la pwani, kuna msafara mrefu wa bara, na Wajerumani wanakaribia. Kinatembea taratibu, kisha kinakukaba. Kwa anayependa historia ya nyumbani ikisimuliwa kupitia moyo wa mtoto."

Hesabuni maneno: hayafiki 50. Hakuna sifa kubwa. Nobel haikutajwa, jalada limekwisha kuitaja. Mwisho wa hadithi haukuguswa. Na neno "kinatembea taratibu" limeachwa makusudi. Mnaliona? Muuzaji mwoga angelifuta, akidhani litafukuza watu. Litamfukuza anayetaka mbio, na afadhali afukuzwe, kwa sababu angekinunua, angechoka ukurasa wa 40, na wiki ijayo asingekuamini. Anayependa mwendo wa taratibu atakichukua kwa sababu ya neno hilo hilo. Kadi ya kweli inachuja. Mruhusuni msomaji asiyefaa aondoke mapema.

Makosa mengine ya kadi ni haya. Kunakili maneno ya nyuma ya jalada: mteja akigeuza kitabu anayaona yaleyale, imani imekufa. Kufichua siri ya katikati: ukishamwambia kuwa aliyedhaniwa amekufa bado yu hai, umemuuzia gunia tupu. Kuweka kadi kwenye kila kitabu: rafu yenye kadi 40 ni sawa na rafu isiyo na kadi. Na kuiacha kadi mwaka mzima mpaka imegeuka rangi. Wiki nane zinatosha. Kadi iliyopauka inamwambia mteja kuwa hapa hakuna aliyesoma kitu tangu mwaka jana.

Nisemeje kuhusu meza? Maduka yetu mengi yana kaunta, na vitabu viko nyuma yake, mteja ananyoosha kidole kama yuko duka la dawa. Riwaya haiuziki kwa kunyoosha kidole. Riwaya inauzika kwa kushikwa. Toeni meza moja mbele ya kaunta, vitabu 12, majalada yakitazama juu, kila kitabu na nakala tatu hadi tano. Iliyo juu iwe imetolewa kwenye nailoni, iwe ya kufunuliwa. Mnaogopa wizi? Hesabuni hofu hiyo kwa shilingi: ikipotea nakala moja, mmepoteza bei mliyoinunulia nakala moja. Linganisheni na wateja wote waliotoka mikono mitupu kwa sababu walioneshwa kitabu kwa mbali.

Kwa wenzetu wa Tanga, Mombasa, Unguja na Pemba, neno la ziada. Jua la dirishani hula rangi nyekundu na ya manjano kwanza, jalada likabaki la bluu hafifu kama limefuliwa. Wekeni dirishani nakala moja tu, na mwibadilishe kila wiki. Unyevu nao hukunja majalada na kutia kurasa madoa, hivyo rafu isigande ukutani. Acheni nafasi ya vidole vinne hewa ipite.

Basi mteja amesimama mezani. Mnamwambia nini? Wengi tunauliza, "Unapenda vitabu gani?" Swali hilo ni zito, mtu anajiona yuko kwenye usaili. Anajibu, "Vyovyote tu," na mazungumzo yamekufa. Ulizeni hivi: "Kitabu cha mwisho ulichokimaliza ni kipi?" Kila mtu ana jibu. Hata kama ni kitabu teule cha sekondari miaka kumi iliyopita, ni jibu. Kisha: "Ulipenda nini ndani yake?" Akisema alimpenda mhusika, mpeleke kwenye kitabu cha mhusika. Akisema alipenda fumbo, mpeleke kwenye fumbo. Mpe vitabu viwili, vikifika vitatu ataomba kwenda kufikiri na hatarudi. Mwekee mkononi, kikiwa kimefunuliwa ukurasa wa kwanza. Halafu, ndugu zangu, nyamazeni. Hapa ndipo pagumu. Nusu dakika ya kunyamaza, aya ya kwanza ifanye kazi yake. Muuzaji anayeongea wakati mteja anasoma anashindana na mwandishi.

Tuingie kwenye pesa, maana mapendekezo mazuri yamefunga maduka pia. Tuchukue mfano. Riwaya inauzwa shilingi 20,000. Mchapishaji anakupa punguzo la asilimia 30, kwa hiyo unainunua kwa 14,000. Ukilipia nakala kumi, umetoa 140,000. Sasa gawa kwa bei ya kuuzia: nakala saba za mwanzo zinarudisha pesa yako tu. Faida yote imo katika tatu za mwisho. Mnanisikia? Ukiuza saba na tatu zikabaki rafuni, umefanya kazi miezi bila ujira. Punguzo likiwa asilimia 25, gharama inapanda hadi 150,000, na huoni faida mpaka uuze ya nane. Ongeza nauli ya kifurushi kwenye basi, mambo yanabana zaidi.

Ndiyo maana nasema: oda ya kwanza iwe ndogo, tano kwa kitabu chenye kadi, na oda ya pili iende zikibaki mbili. Msingoje ziishe. Duka lililoko Mwanza linaloagiza Dar es Salaam likingoja ziishe, kuna wiki nzima ambayo kadi inasifu kitabu ambacho hakipo.

Wengine mtasema, si tuchukue mali kauli? Mali kauli, kwa wasioizoea, ni kuchukua vitabu bila kulipa, ukalipa vilivyouzika na kurudisha vilivyobaki. Kwa mwandishi mpya anayejichapishia ni njia nzuri. Lakini andikeni. Karatasi moja, nakala mbili, sahihi mbili: idadi ya vitabu, tarehe, asilimia ya duka, siku ya kufanya hesabu, siku 60 au 90, na nani anabeba hasara ya kilichochafuka. Kisha pesa ya kila nakala iliyouzika ikae pembeni siku hiyohiyo, kwenye bahasha au namba tofauti ya simu. Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu hivi ndivyo inavyoharibika: muuzaji anauza nakala nane, kodi ya pango inafika, anakopa humo akisema nitarudisha. Mwandishi anapiga simu, simu haipokelewi. Anapiga tena. Mwishowe haleti kitabu chake cha pili, na anawaambia waandishi wenzake. Duka halikukosa wateja. Lilikosa vitabu, kwa sababu hakuna aliyeliamini. Pesa ya mali kauli ni amana. Ni amana!

Muwe na daftari. Jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji, namba ya ISBN, yaani namba ya kukitambulisha kitabu, tarehe kilipoingia, idadi, na tarehe ya kila nakala iliyotoka. ISBN itawaokoa mnapoagiza kwa simu vitabu vyenye majina yanayofanana. Mtaona nyingi za Tanzania zinaanza na 978-9976 au 978-9987, za Kenya 978-9966. Kitabu kikikaa wiki sita hakijatoka hata nakala moja, kihamisheni mahali kwanza. Kisipotoka, andikeni kadi upya, labda ya kwanza ilisema mengi. Kisipotoka tena, kirudisheni, na daftari liandike kwa nini mnadhani kilikwama. Mara nyingi sababu ni ndogo: bei haikuandikwa, mteja akaona haya kuuliza. Au aliyekisoma yuko zamu ya asubuhi, na wanunuzi wa riwaya huja jioni. Hilo la pili lina dawa: kila Jumatatu, robo saa kabla ya kufungua, aliyeandika kadi awasimulie wenzake kitabu chake kwa dakika mbili.

Sasa riwaya mpya tutazisikiaje? Fuateni tuzo. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, iliyoanza kutolewa mwaka 2015 na baadaye ikaitwa Safal-Cornell, imetuletea riwaya kama Penzi la Damu ya Anna Samwel Manyanza, Mmeza Fupa ya Ali Hilal Ali na Mungu Hakopeshwa ya Zainab Alwi Baharoon. Tanzania ina Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, chini ya TET, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, tarehe 13 Aprili, siku aliyozaliwa Mwalimu. Lakini kuna mtego. Tuzo hizi huweza kupewa mswada, kitabu bado hakijachapwa. Redio inatangaza leo, mteja anakuja kesho, kitabu kitatoka baada ya miezi. Mnamjibuje? "Hakuna," anaondoka. Jibu sahihi ni daftari la wanaosubiri: jina, namba ya simu, kitabu. Siku kifurushi kinapofunguliwa, wapigieni wote kabla hamjakipanga rafuni. Na ukurasa wenye majina 12 ni hoja nzuri kwa mchapishaji anayesitasita kuwapa punguzo.

Na msidharau kitabu cha zamani ambacho kwa msomaji fulani ni kipya. Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi ilitoka mwaka 1999. Miaka 22 baadaye, Septemba 2021, filamu ya Amil Shivji iliyotokana nayo ikaoneshwa kwenye tamasha la Toronto, na watu ambao hawakuwahi kuwasikia wahusika wake, Yasmin na Denge, wakaanza kuwataja. Filamu haitoki ghafla. Husemwa miezi kabla. Muuzaji anayesoma habari alikuwa na muda wa kukisoma tena kitabu, kuagiza tano, kuandika kadi inayomweleza msichana aliyeozwa kwa mume mwenye umri wa kumzaa, akakimbia, akaangukia mapenzi na siasa za Unguja ya mkoloni. Asiyesoma alikuja kuagiza watu wakiwa wamekwisha hamia kwenye jambo lingine.

WhatsApp nitaigusa tu, maana wengi mnaijua kuliko mimi. Kitabu kimoja kwa wiki, picha ya jalada pamoja na kadi yenyewe ya mkono, bei, namba ya kulipia. Kimoja. Anayerusha majalada 30 kwa siku watu wanamfunga mdomo kimyakimya. Na mnapotuma kwa basi, zungushieni kadibodi pande zote mbili kabla ya nailoni, pembe za jalada ndizo zinazoumia kwanza.

Nimemaliza upande wangu, na sasa ni zamu yenu. Mezani kwenu kuna kadi na kalamu. Kila mmoja akumbuke riwaya moja aliyoimaliza mwaka huu, moja tu, aiandikie kadi isiyozidi maneno 60, na jina lake chini. Ambaye hakumaliza hata moja asiandike, akae karibu na aliyemaliza, asikilize. Tuna dakika 20. Kisha kadi zitabadilishwa meza kwa meza, na kila kadi inayoweza kuhamishiwa kitabu kingine itarudi kwa mwenyewe aiandike upya.